Misimu Yetu Nani Atailipa?

Sisi watu wa nyanda za kati hatuhitaji kufundishwa kusubiri. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, unaanza Novemba, ukichelewa Desemba, na Aprili ikifika umekwisha. Mwaka mzuri tunapata milimita 600 hivi. Mwaka mbaya tunahesabu manyunyu. Mtu aliyekulia Bahi, Chemba, Manyoni au Mpwapwa anajua kutazama mawingu yakipita kwenda kunyesha kwa wengine, anajua kuweka mbegu ya uwele ndani ya kibuyu hadi siku yake, anajua kuligawa debe la mtama mpaka mavuno mengine. Kwa hiyo miradi ya nishati ilipokuja na neno lake la subirini, ilitukuta tumeshafundwa. Tukadhani ni kusubiri kulekule. Lakini mvua ikichelewa haimkatazi mtu kupanda.

Mambo huanza namna moja, liwe bomba, iwe nguzo, uwe mtambo wa upepo au uchimbaji wa kutafuta madini ya kuzalisha umeme. Magari meupe yanaonekana barabarani. Mtendaji anapeleka mgambo na mbiu, watu wanaacha kazi wanakwenda chini ya mti au kwenye ofisi ya kijiji. Wageni wanatusalimu mbukwenyi, tunapiga makofi. Wanasema mradi ni wa taifa. Wanasema ajira zitakuja. Wanasema kila atakayeguswa atalipwa haki yake, na wazee wanauliza lini, na jibu linakuwa mchakato unaendelea. Kesho yake vijana wenye vifaa vya kupimia wanapita shambani, wanachomeka bikoni, wanahesabu miembe, mipapai, matundu ya choo na makaburi. Tunapigwa picha tumesimama mbele ya nyumba tukiwa tumeshika kibao cha namba. Tunasaini. Halafu tunaambiwa: kuanzia leo, ndani ya alama hizi usijenge, usikarabati, usipande mti wala zao la kudumu. Magari yanaondoka na vumbi lake. Vumbi linatulia, sisi tunabaki na katazo.

Hilo katazo ndilo tunalolinung'unikia vilabuni, kisimani na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na sijaliona likiandikwa inavyostahili. Kinachoandikwa ni fidia: imelipwa, haijalipwa, ndogo, kubwa. Ni kweli fidia ina maneno yake. Lakini kati ya siku ya kuhesabiwa na siku ya kulipwa kuna maisha ya mtu, na hayo hayana safu kwenye fomu ya mthamini.

Tuchukue Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, maana hilo limepita kwetu na habari zake zimeandikwa. Linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Linakatiza mikoa 8, Singida na Dodoma zikiwamo. Huku kwetu linapita upande wa Chemba na Kondoa, kwenye mashamba ya alizeti, ufuta na mbaazi. Mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, yanaganda yakipoa, kwa hiyo bomba lazima lipashwe moto lisishuke chini ya nyuzi joto 50 njia nzima. Wenye hisa ni TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, TPDC, shirika letu la mafuta, 15, kampuni ya taifa ya Uganda 15, na CNOOC ya China 8. Mkuza wake una upana wa mita 30. Ukiutazama kwenye ramani ya Tanzania ni uzi. Ukiutazama kwenye shamba la ekari mbili ni shamba lenyewe.

Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017 na marais wawili, Magufuli na Museveni. Wathamini walipita mashambani mwaka 2018, na tarehe ya ukomo, yaani siku katazo linapoanza, ikatangazwa. Ukafika mwaka 2019, wenye mradi wakawa wanavutana na Uganda kuhusu kodi. Ukafika 2020, dunia ikaingia kwenye korona. Mkataba wa nchi yetu na mradi ukasainiwa Mei 2021. Uamuzi wa mwisho wa kumwaga fedha ukatolewa Februari 1, 2022. Watu wengi walishika fedha zao kuanzia hapo kwenda mbele, wengine 2023. Kila tukio katika orodha hiyo lina sababu yake nzuri, na aliyechelewa anaweza kuieleza mezani kwa vielelezo. Ila mwenye shamba hakuwa na neno katika sababu hata moja.

Miaka minne hapa kwetu ni misimu minne. Mwembe wa kupandikiza uliopandwa mwaka wa kwanza, mwaka wa nne umeshaanza kuzaa. Mzabibu unaanza kuzaa hata kabla ya hapo. Kijana aliyetaka kuoa alihitaji chumba, akakatazwa kuongeza chumba. Mama aliyekuwa na bati linalovuja alikatazwa kubadilisha bati, maana nyumba imeshahesabiwa, ukiiboresha hakuna wa kukulipa, na usipoiboresha mvua inakunyeshea humo ndani. Kuna aliyekuwa amefika kwenye lenta, matofali yake yakasimama juani mpaka yakaanza kumeguka. Kuna waliofariki wakisubiri, urithi ukaingia mabishano, mirathi ikapelekwa mahakama ya mwanzo, na familia zisizowahi kugombana zikagombania fedha ambayo haijafika. Wanawake walikaa na wasiwasi wao wenyewe: fedha ikija siku moja nyingi kwa mpigo, bwana atafanya nini. Sharti la mke na mume kusaini pamoja na kuwa na akaunti ya benki lilisaidia, nalipongeza. Lakini huwezi kusaini pamoja kwa ajili ya miembe ambayo haikupandwa.

Wanasema iliongezwa asilimia kwa ajili ya kuchelewa. Sawa, iliongezwa, na aliyepewa alipokea. Lakini asilimia inapigwa juu ya kile kilichohesabiwa siku ile, na kilichohesabiwa siku ile ni shamba lililokuwapo. Shamba ambalo lingekuwapo halina asilimia. Saruji haikusubiri, bati halikusubiri, karo ya shule haikusubiri. Ekari ya jirani, ambayo mtu angeinunua mahali pa ile yake, nayo haikusubiri. Wauzaji walikuwa wameshasikia kwamba fedha za bomba zinakuja, wakapandisha bei kabla mnunuzi hajalipwa.

Na sheria ipo. Ibara ya 24 ya Katiba inasema mtu asinyang'anywe mali yake bila fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Sheria ya uthamini ya 2016 imekwenda mbali zaidi, imeweka miezi 6 ya kulipa kabla riba haijaanza kuhesabiwa, na imeweka ukomo wa miaka miwili, baada ya hapo uthamini unapitwa na wakati. Umoja wa Mataifa nao ulipitisha kanuni zake kuhusu biashara na haki za binadamu mwaka 2011: dola ilinde, kampuni iheshimu, aliyeumia apate nafuu. Makampuni makubwa yanazitaja kanuni hizo katika vitabu vyao vya kila mwaka. Kwa hiyo hatukosi maandishi. Tunachokosa ni mtu wa kuja na hayo maandishi kijijini mwaka wa pili ukiisha, aseme: muda umepita, katazo limekufa, pandeni.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kusubiri kwa kampuni kunalipwa. Hili sisi wa Dodoma tunalijua kuliko wengi, maana Bunge liko kwetu na tumesikia yote kwa redio zilizowekwa dirishani. Kampuni ya umeme ya IPTL ilikuwa na mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, kwa mkataba wa 1995. Mkataba ule ulitaka ilipwe kila mwezi kwa kuwa tu na mtambo ulio tayari, hata mwezi ambao mtambo haukuwashwa. Yaani kampuni ilikaa, na kukaa kwake kukawa na bei, na bei hiyo ikaingia kwenye gharama za umeme wa kila mtu. Ugomvi wa malipo hayo ndio uliozaa akaunti ya Tegeta Escrow, ambako zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitoka Benki Kuu kwa njia iliyolitikisa Bunge Novemba 2014.

Kabla ya hapo ilikuwa kampuni ya Richmond. Ukame wa mwaka 2006 ulilishusha bwawa la Mtera, nchi ikaingia kwenye mgawo wa umeme, mkataba wa dharura ukatolewa kwa kampuni hiyo ambayo haikuwa na uwezo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu hapahapa Dodoma. Mkataba ulikuwa umerithiwa na Dowans. Ulipovunjwa, Dowans ilikwenda kwenye usuluhishi wa ICC, yaani Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara chenye makao yake Paris, na Novemba 2010 ikapewa ushindi wa shilingi zipatazo bilioni 94. Kampuni ikisimamishwa, kuna meza ya kupeleka hesabu ya muda wake, kuna wanasheria wanaojua muda huo una thamani gani kwa siku, na kuna hukumu. Mkulima akisimamishwa anaambiwa awe mvumilivu.

Asiwepo wa kusema hatukujaribu. Novemba 2020 mashirika manne ya kiraia yalikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kulipinga bomba la mafuta kwa hoja za mazingira na haki za watu. Novemba 29, 2023, baada ya miaka mitatu, mahakama ilisema shauri limeletwa nje ya muda: Mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu jambo lenyewe lifanyike, na makubaliano ya nchi mbili yalikuwa yamesainiwa tangu 2017. Ufaransa nako ilitungwa sheria mwaka 2017 inayozitaka kampuni kubwa zichunge madhara ya shughuli zao hata ng'ambo. Mashirika ya Ufaransa na Uganda yakaitumia dhidi ya TotalEnergies mwaka 2019. Ikapita zaidi ya miaka miwili wakibishana ni mahakama ipi isikilize, na Februari 28, 2023 mahakama ya Paris ikalitupa shauri kwa sababu za utaratibu, bila kuamua kama watu wameumizwa au la. Mwezi Juni mwaka huohuo wengine wakafungua upya, wakidai fidia. Bunge la Ulaya lilishapitisha azimio lake Septemba 2022, likakemea, na wabunge wa Uganda wakaja juu kwamba hatuwezi kupangiwa na Wazungu waliojenga nchi zao kwa makaa ya mawe na mafuta. Nami nasema hilo wana haki ya kulisema. Uganda iligundua mafuta yake 2006, nayo inahitaji hospitali kama nchi nyingine. Lakini katika kelele zote hizo za Brussels na Kampala, hakuna aliyemtetea mwenye lenta iliyosimama juani. Mmoja alitaka bomba lisijengwe kabisa, mwingine alitaka lijengwe haraka, na sisi tulichotaka ni kujua tupande au tusipande.

Januari 2024 TotalEnergies ilitangaza kumpa Lionel Zinsou, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Benin, kazi ya kutathmini jinsi ardhi ilivyotwaliwa Uganda na Tanzania. Ni mtu mwenye heshima zake. Ila tathmini ya namna watu walivyotendewa ilipaswa kufanywa wakati bado kuna la kubadilisha. Mwaka huo wa 2024 ardhi karibu yote ilikuwa imekwisha kutwaliwa.

Halafu kuna madawati. Sitaki kuonekana mkosa shukrani, maana watoto wetu kweli wamekaa chini na dawati ni dawati. Lakini tumeanza kuchoshwa na namna madawati yanavyoletwa. Kampuni yoyote inayopita kwetu, ya nishati au ya madini, ikishaona manung'uniko yamezidi, inaleta madawati, au matundu ya choo, au kisima, au jezi za timu ya kata. Diwani anaalikwa, mkuu wa wilaya anaalikwa, ngoma inapigwa, watu wenye madai yao mfukoni wanawekwa mstari wa mbele wapige makofi. Hiyo inaitwa kurudisha kwa jamii. Jamii ni wote, na deni ni la mmoja mmoja. Aliyenyimwa misimu minne hapungukiwi hasara yake kwa sababu shule imepakwa rangi. Kisima kichimbwe, tutachota, tutashukuru. Lakini kisiandikwe kwenye ukurasa uleule na fidia, maana kimoja ni hiari yao na kingine ni haki yetu.

Wala si bomba peke yake. Kwa Bahi na Manyoni walipita watafiti wa urani, wakatoboa ardhi karibu na majaruba ya mpunga, wakulima na wavuvi wa bwawa la Bahi wakaishi kwa hofu ya maji yao na kwa hofu ya kuhamishwa. Machi 2011 kinu cha Fukushima kikalipuka Japani, bei ya urani ikaporomoka, magari yakapungua, kambi zikanyamaza. Singida tumesikia habari ya umeme wa upepo kwa zaidi ya miaka kumi. Upepo upo, unang'oa mabati kila Julai, mapanga ya mitambo ndiyo hayajaonekana. Mradi unaokuja una mkutano wa hadhara. Mradi unaokwama hauna mkutano. Hakuna anayerudi chini ya mti uleule kutuambia jamani, tumeshindwa, endeleeni na maisha yenu. Bikoni inabaki shambani, na watoto wanaozaliwa baada yake wanakua wakijua hapo hapajengwi.

Na juu ya yote hayo tunaishi chini ya nyaya. Njia kuu ya msongo wa kilovolti 400 inatoka Iringa, inapita Dodoma na Singida, inakwenda Shinyanga. Kituo cha umeme cha Zuzu kinavuma usiku na mchana. Mtera iko mpakani mwetu na Iringa tangu bwawa lijengwe miaka ya 1970, na mitambo yake ya megawati 80 ilianza 1988, lakini kwa miaka mingi vijiji vya kandokando ya maji hayo viliwasha koroboi. Leo Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vimefikiwa, na kweli nguzo tunaziona. Kufika kijijini bado si kufika nyumbani. Nguzo inaishia kwenye zahanati na kwa mwenye mashine, vitongoji vingine vinasubiri awamu. Gharama ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, watu wamelipa, wamepewa risiti, wameambiwa nguzo zimeisha, mita zimeisha, fundi yuko upande mwingine wa wilaya. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika na megawati zake 2,115, tumelipigia makofi kwa moyo wote maana ni jasho letu. Umeme bado unakatika mahindi yakiwa nusu kwenye mashine.

Hapo kwenye umeme ndipo hesabu inaponishinda kabisa. LUKU maana yake tunalipa kwanza. Huna salio, giza. Hakuna ofisa anayekuja kutuambia malipo yenu yako kwenye mchakato, endeleeni kuwasha taa. Shilingi yetu inatakiwa papo hapo, kabla ya uniti ya kwanza, usiku wa manane hata mtoto akiwa mgonjwa. Lakini ardhi yetu, ambayo nishati hiyo inapita juu yake au chini yake, inafungwa leo na kulipwa watakapokuwa tayari. Kwa nini mwenye nguvu ndiye anayekopeshwa na asiye nacho ndiye anayelipa taslimu?

Hatuombi mradi usije. Waliokwenda kusema mijini kwamba watu wa kati wanakataa maendeleo hawakutuuliza. Vijana wetu wamefanya vibarua kwenye mkuza, wengine wamejifunza kuchomelea, mabomba yenyewe yamepakwa vizuia joto pale Sojo, Nzega, si ng'ambo. Nyumba za mbadala walizojengewa baadhi ya waguswa ni nyumba imara, mtu akikataa hilo anasema uongo. Tunachotaka ni kidogo na kinafahamika. Siku ya kutukataza kupanda iandikwe, na siku ya katazo kufa iandikwe pembeni yake. Ikifika bila malipo, mtu arudi shambani mwake bila kumwomba ruhusa mtendaji, mwanasheria wala mfadhili. Msimu uliopotea uhesabiwe kama gunia linavyohesabiwa, kwa bei ya mwaka uliopotea, na alipe yule aliyeusababisha, si mnunuzi wa umeme wala mlipa kodi. Na mradi ukifa, aliyekuja kuutangaza arudi kuutangaza.

Mwezi uliopita magari meupe yameonekana tena, wanapima njia ya laini nyingine. Tumeitwa mkutanoni, tumekwenda. Mzee mmoja alisimama akauliza, kwa adabu zote, mwanangu, hiyo fidia tarehe ngapi? Kijana yule akaandika swali kwenye daftari, akasema limepokelewa, litafikishwa. Kisha fomu zikagawiwa. Zina mahali pa jina, namba ya kitambulisho, idadi ya miti, sahihi ya mke na mume, dole gumba kwa asiyejua kuandika, na tarehe ya kusaini. Tumezipindua nyuma na mbele. Mahali pa tarehe ya kulipa hapapo.